Kioo Kati ya Zidaka: Vioo vya Ukutani katika Nyumba za Mawe za Pwani

Vioo vikubwa vya ukutani vilienea katika nyumba za matajiri wa pwani ya Afrika Mashariki hasa katika karne ya 19, vikitoka katika viwanda vya Ulaya na kushushwa bandarini Unguja pamoja na saa za kengele, sahani za kaure na thurea, yaani taa za kuning'inia zenye matawi mengi. Kwa kuwa vilitoka mbali na bei yake ilikuwa kubwa, imekuwa rahisi kuvihesabu kuwa dalili ya watu waliovutwa na mitindo ya Ulaya wakaiacha ya kwao. Hukumu hiyo haisimami mara ukuta wenyewe unapochunguzwa. Kioo cha Ulaya kilikuta ukuta ambao mafundi wa Pate, Lamu, Siyu na Unguja walikuwa wameuandaa kwa vizazi vingi ili upokee vitu ving'aavyo, kwa safu na kwa ulinganifu, na ni utaratibu huo wa zamani ulioamua kwa kiasi kikubwa kioo kinunuliwe cha ukubwa gani, kiwe kimoja au viwili, na kitundikwe wapi.

Ili kuuelewa ukuta huo ni lazima kuanzia juu, kwenye dari. Dari ya nyumba ya mawe ilibebwa na boriti, ambazo ni magogo ya mikoko yaliyokatwa katika visiwa na mito ya pwani, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikiwa imevuka nafasi pana, chumba kilijengwa kwa upana wa kati ya mita 2.5 na 3 hivi, hata pale mwenye nyumba alipokuwa na mali ya kujenga zaidi ya hapo. Utajiri ulionekana kwa urefu wa chumba na kwa idadi ya vyumba, kwani upana haukuongezeka. Nyumba ya Lamu ya karne ya 18 ilikuwa, kwa sababu hiyo, mfululizo wa vyumba virefu na vyembamba vilivyolala kimoja nyuma ya kingine: baada ya daka, yaani ukumbi wa mlangoni, ulikuja ua wa ndani ulioitwa kiwanda, kisha msana wa tini na msana wa yuu, ambavyo ni vyumba vya kukaa vilivyofunguka kuelekea uani, na mwisho ndani, chumba cha faragha cha mama mwenye nyumba. Kuta za nje hazikuwa na madirisha makubwa, na mwanga uliingia kwa kupitia kiwandani tu, hivyo kila chumba kilikuwa na giza kuliko kile kilichokitangulia, na chumba kilichothaminiwa kuliko vyote ndicho kilichokuwa na giza kuliko vyote.

Mafundi walilijibu tatizo hilo kwa chokaa na kwa zidaka. Chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe ilisuguliwa mpaka ikawa laini na nyeupe, kiasi kwamba mwanga mdogo uliotoka uani ulipokewa na ukuta mmoja na kutupwa kwenye mwingine. Zidaka, ambazo katika lahaja nyingine huitwa vishubaka, ni matundu yasiyotoboa ukuta, yaliyopambwa kwa matao na nakshi za kuchongwa katika lipu, na katika nyumba bora yalipangwa safu juu ya safu mpaka yakaufunika ukuta mzima wa nyuma. Mgeni aliyesimama uani na kutazama kupitia misana miwili aliona mwisho wa macho yake ukuta uliogawanywa katika vipande vingi vya mwanga na kivuli, na chumba ambacho kwa kipimo kilikuwa chembamba kikaonekana kuwa na kina kisichokadirika kwa urahisi. Katika zidaka hizo viliwekwa vyombo vya kaure kutoka China, bakuli na sahani za Uajemi, na baadaye vyombo vya Ulaya, ambavyo rangi zake zilizokauka kwa moto zilinasa mwanga ule ule uliokuwa ukirudishwa na chokaa.

Zidaka hazikuwa kabati za kuhifadhia. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu na kuzungumza na wenye nyumba, alieleza kwamba vyombo vya zidaka vilihusishwa na kinga dhidi ya husuda na jicho baya, hasa kwa sababu ndani ndimo wanawake walimojifungulia na ndimo maiti walimooshewa, na nyakati hizo mbili ndizo nyumba inapohesabiwa kuwa wazi zaidi kwa madhara. Sahani iliyopasuka yenyewe iliweza kuelezwa kuwa imelipokea jicho lililokusudiwa mtu. Desturi ya kuweka kaure mahali pa heshima haikuishia majumbani: bakuli za Kichina zilipachikwa katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi na Mambrui, na katika vibla vya misikiti. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi kuhusu kuanguka kwa Pate, hakusahau kuyataja madaka ya sahani miongoni mwa vitu ambavyo hali yake inaonyesha kuwa nyumba imekufa, na msomaji wa zama zake hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la pili kuhusu ukuta huo limeandikwa zaidi na wanaakiolojia kuliko na wapambaji, nalo ni vigingi. Katika magofu ya nyumba za zamani zaidi, ikiwemo Gedi iliyohamwa kabla ya karne ya 18, yameonekana matundu yaliyopangwa kwa mstari juu ukutani, karibu na dari, ambamo vijiti vya mti vilipachikwa ili vitundikiwe mazulia na vitambaa. Kutundika, basi, kulikuwa na mahali pake kabla kioo hakijafika: kitu cha thamani kilianzia juu, chini ya boriti, na kuteremka.

Bilauri, shanga na vipande vya kioo vilikuwa vikija pwani tangu zamani sana. Maelezo ya safari za baharini yaliyoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, yanayojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, yanavitaja vioo vya aina mbalimbali miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Rhapta, mji wa biashara uliokuwa kwenye pwani inayodhaniwa kuwa ya Tanzania ya leo. Hivyo vilikuwa vyombo na shanga. Kioo kikubwa cha kurudisha sura kilingoja ufundi mwingine, uliokomaa kwanza Murano, kisiwa cha mafundi wa Venice, ambako katika karne ya 16 walijua kutandaza karatasi nyembamba ya bati, kuimiminia zebaki na kulilaza juu yake bamba la kioo mpaka mchanganyiko wa metali hizo mbili ukashika. Ufaransa ilianzisha kiwanda chake cha kifalme mwaka 1665 ili kuvunja ukiritimba wa Venice, na kabla ya karne hiyo kwisha mafundi wake waligundua namna ya kumimina kioo juu ya meza ya metali badala ya kukipuliza, jambo lililowezesha kupatikana kwa mabamba makubwa kuliko yaliyowahi kuonekana. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilikuwa imeenea, na mji wa Fürth, karibu na Nuremberg nchini Ujerumani, ukawa mmoja wa miji iliyotengeneza vioo kwa wingi kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Gharama yake ilibebwa na miili ya wafanyakazi: daktari Adolf Kussmaul alichapisha mwaka 1861 uchunguzi mrefu kuhusu mafundi wa vioo wa Fürth na Nuremberg waliotetemeka mikono, kung'oka meno na kuharibika akili kwa mvuke wa zebaki. Njia ya kupaka fedha badala ya zebaki, iliyotokana na uchunguzi wa mkemia Justus von Liebig wa mwaka 1835, ilichukua miongo kadhaa kabla ya kuishinda ile ya kale.

Mlango wa bidhaa hizo kufika pwani ulifunguliwa na mikataba. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844, na baada ya hapo kampuni za Hamburg, zilizotafuta kauri za kupeleka Afrika Magharibi ambako zilitumika kama fedha, zikajenga maghala yao mjini. Jahazi lake la Sultana lilifika New York mwaka 1840 likiwa na karafuu, pembe na tende. Pembe za ndovu, karafuu na kopali zilitoka. Merikani, yaani nguo za pamba za Marekani, bunduki, saa, viti, kaure na vioo viliingia, na faida ya mashamba ya karafuu, ambayo kazi yake ilifanywa na watumwa, ndiyo iliyolipia sehemu kubwa ya fahari iliyotundikwa kutani. Hilo halifai kusahauliwa kila fremu ya dhahabu inaposifiwa.

Maelezo bora zaidi ya chumba kilichopambwa kwa vioo yaliachwa na mtu aliyezaliwa humo. Salme binti Said, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye baadaye, kwa jina la Emily Ruete, aliolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika kuwaeleza wasomaji wa Ulaya namna vyumba vya watu wakubwa wa Unguja vilivyokuwa, anaeleza kuta zilizopakwa chokaa na kugawanywa na vishubaka virefu vyenye mbao za kijani, ambamo vyombo vya kioo na kaure vya bei kubwa vilipangwa kwa ulinganifu, kisha anaeleza kwamba nafasi ya ukuta iliyobaki kati ya kishubaka na kishubaka ilifunikwa na vioo vilivyoanzia kwenye matandiko ya chini ya kukalia na kufika darini, vioo ambavyo viliagizwa mahsusi kutoka Ulaya. Anaongeza kwamba saa zilipendwa mno, na kwamba picha, kwa kuwa zinaiga uumbaji wa Muumba, zilikuwa zikiepukwa ingawa katika siku zake zilikuwa zimeanza kuvumiliwa.

Maelezo hayo mafupi yana habari nyingi kuliko inavyoonekana. Kwanza, kioo hakikuchukua nafasi ya kishubaka. Kiliwekwa kati ya kimoja na kingine, kwa hiyo upana wake ulipimwa na fundi wa mawe kabla ya fundi wa kioo, na mwenye nyumba aliyeagiza kutoka Ulaya alilazimika kupeleka kipimo cha ukuta wake. Pili, kwa kuwa kuta za pande zote zilikuwa na vishubaka, kioo cha upande mmoja kilitazamana na vyombo au na kioo cha upande wa pili, na safu ya kaure iliyokuwa moja ikawa safu mbili, tatu, na kuendelea mpaka jicho likachoka kuhesabu. Tatu, vioo vilikuwa vingi, na wingi huo ulikuwa sehemu ya uzuri, jambo ambalo mpambaji wa Ulaya wa karne hiyo, aliyezoea kuweka kioo kimoja kikubwa juu ya meko, hakulielewa kwa urahisi. Nyumba ya Unguja haina meko sebuleni. Haina, kwa hiyo, ukuta mmoja unaotawala kuta nyingine, na hakuna sababu ya kioo kimoja kuwa mfalme wa vingine.

Tofauti inaonekana wazi zaidi ukumbi wa vioo wa jumba la Versailles nchini Ufaransa, uliokamilika mwaka 1684, unapowekwa kando ya chumba hicho. Ukumbi huo una vioo 357 vilivyopangwa katika matao 17 yanayotazamana na madirisha 17, na kazi yake kubwa ni kuiingiza bustani ya mfalme ndani ya jumba, ili utawala wake juu ya ardhi uonekane hata na aliyeipa bustani mgongo. Kioo cha Unguja hakikuwa na bustani ya kuileta ndani. Kilirudisha yaliyomo chumbani: sahani, saa, zulia, mavazi ya wageni, mwanga wa taa. Aliyeketi juu ya matandiko ya chini, kama ilivyokuwa desturi, aliuona utajiri wa nyumba ukimzunguka.

Aina hii ya chumba ina ndugu zake wa karibu zaidi kuvuka bahari upande wa kaskazini na mashariki kuliko upande wa Ulaya. Vishubaka vya kupangia vyombo vinajulikana vizuri katika majumba ya Oman na ya Ghuba. Huko Bhuj, mji mkuu wa Kutch magharibi mwa India, katikati ya karne ya 18 mtawala Rao Lakhpatji alijengewa jumba la Aina Mahal, ambalo jina lake lina maana ya jumba la vioo, na fundi mkuu wake, Ramsingh Malam, alikuwa baharia ambaye kwa mujibu wa masimulizi ya huko aliokolewa baharini na Waholanzi akajifunza ufundi wa kioo na vigae Ulaya kabla ya kurudi kwao. Wahindi wengi waliofanya biashara Unguja, Wabhatia na Makhoja, walitoka Kutch na bandari yake ya Mandvi, na mabaharia wa Mandvi walikuwa wakivuka kwa kaskazi, yaani pepo za msimu zinazovuma kutoka kaskazini-mashariki, karne nyingi kabla ya meli za Hamburg. Itakuwa ni kuthubutu mno kudai kwamba chumba cha Unguja kilinakiliwa Bhuj. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba ukuta wenye vioo vingi ulikuwa ladha ya bahari hii nzima, na mwenye kuagiza kutoka Ulaya alikuwa akitumia kiwanda cha mbali kutimiza ladha ya jirani.

Dini nayo ilikuwa na neno lake katika uchaguzi wa mapambo. Pale ambapo tajiri wa Ulaya angetundika sura za mababu zake, Mwislamu wa pwani alikuwa na haja ya kitu cha kuujaza ukuta bila kuuweka hapo mfano wa kiumbe chenye roho. Maandishi ya Kurani yaliyotiwa fremu yalikuwa jawabu moja, na kioo kikawa jingine, kwa kuwa sura iliyomo huja na mwenyewe na kuondoka naye. Hata hivyo kioo hakikupewa uhuru wa kwenda popote. Kwa kuwa kibla cha pwani kiko upande wa kaskazini na swala huweza kuswaliwa chumbani, wapo wanaoepuka kutundika kioo upande huo, au wanaokifunika wakati wa swala, kwa sababu mwenye kuswali akiiona sura yake inainama na kuinuka mbele yake moyo hutoka katika ibada. Kwa upande mwingine, kujitazama si jambo lililokemewa, kwani ipo dua maalumu isomwayo na mwenye kujiangalia kiooni, ya kuomba tabia ipendezeshwe kama umbo lilivyopendezeshwa.

Si kila tajiri aliyekuwa na uwezo wa mtoto wa Sayyid Said. Picha zilizopigwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha vyumba ambamo vioo ni vya kadiri, vyenye fremu za kuchongwa au za rangi ya dhahabu, navyo vimetundikwa juu sana, karibu na boriti, mara nyingine kwa jozi na saa katikati, huku ukingo wa juu umeachwa uegemee mbele na ule wa chini ukigusa ukuta. Kwa kimo hicho hakuna aliyeweza kujifunga kilemba mbele yake. Mgeni asiyeujua mpangilio wa vigingi na vitambaa angesema vimewekwa vibaya, ilhali vimewekwa mahali ambapo nyumba ya pwani ilikuwa imetundika fahari yake kwa karne kadhaa. Kwa kujitazama kilikuwepo kioo kidogo cha mkononi, ambacho kilihifadhiwa kashani pamoja na wanja na marashi na kutolewa pale kilipohitajika, na watu hawakuona haja ya vitu hivyo viwili kuwa kimoja.

Mwinamo huo wa kioo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ulifanya kazi tatu kwa pamoja. Kioo kilichoegemea mbele huleta sakafuni na kwenye matandiko taswira ambayo kioo kilichosimama wima kingeirudisha darini, na kwa watu wanaokaa chini tofauti hiyo ni kubwa. Tena hupokea mwanga wa taa ya kuning'inia na kuutupa chini, hivyo thurea moja yenye taa za mafuta iliweza kuangaza chumba ambacho ingekishindwa ikiwa peke yake. Kazi ya tatu, iwe ilikusudiwa au la, ilikuwa ni kukiokoa kioo. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa pamoja na chumvi, ambayo huonekana kama unga mweupe unaobandua rangi, na kioo kilichogandamizwa ukutani humo hudhurika kwa mgongoni. Tabaka la bati na zebaki hugeuka kijivu na kutoboka, na zebaki hushuka polepole mpaka ukingo wa chini. Tabaka la fedha huota madoa meusi yanayoanzia pembeni na kwenda katikati. Kioo kilichoinama kilikuwa na nafasi ya hewa kupita nyuma yake. Kukitundika kulidai uangalifu pia, kwa sababu jiwe la matumbawe ni jepesi na lenye vitundu, na msumari uliopigwa moja kwa moja hung'oka na kipande cha lipu; fundi alitoboa tundu, akapachika kabari ya mti mgumu, kisha akapiga msumari katika kabari.

Katika nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mji wa Unguja ambako watu wa kawaida na walioachwa huru baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuvunja hadhi ya utumwa kisheria waliishi kwa wingi, ukuta haukuwa na zidaka wala kabari. Kioo kidogo chenye fremu ya bati au ya mbao nyembamba kilining'inizwa kwa kamba iliyofungwa kwenye fito, na mara nyingi kilikuwa kimoja, kikitumika kwa kujitazama kama kilivyotumika kwa pambo. Imani zilizoambatana na kioo zilikuwa za matajiri na maskini sawasawa, na mojawapo inaishi mpaka leo sehemu nyingi za Afrika Mashariki: mvua ya radi inapoanza, vioo hufunikwa kwa kanga au kugeuzwa uso ukutani, kwa kuaminiwa kwamba mng'ao wake unaita radi. Fizikia haiiungi mkono, na bado wapo wanaoweza kuieleza fizikia hiyo vizuri ambao kanga huiweka karibu.

Kioo kilichoteremka kutoka juu kiliteremshwa na fanicha mpya. Katika zama za utawala wa Uingereza, mafundi seremala wa mijini, wengi wao wakiwa Wahindi na wanafunzi wao wa Kiafrika, walianza kutengeneza kwa wingi kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni, na meza ya kujipambia yenye kioo nyuma yake. Samani hizo zilikwenda chumbani, zikaingia katika orodha ya vitu ambavyo bwana harusi wa Unguja anatarajiwa kumwandalia bibi harusi pamoja na kitanda, na kwa mara ya kwanza kioo kikubwa kikawa na kimo cha mtu aliyesimama. Mabadiliko haya hayakupata mwandishi wa kumbukumbu kama Salme, na pengine ndiyo maana hayajulikani sana, lakini uzito wake katika historia ya kioo ni mkubwa kuliko wa vioo vyote vya kasri, kwa kuwa hapo ndipo kujitazama mwili mzima kulipokuwa jambo la kila siku la watu wengi. Kioo cha sebuleni nacho kilipoteza ndugu zake polepole: saruji na madirisha makubwa yaliondoa giza lililokihitaji, viti vya mbao vilimwinua aliyekuwa akikaa chini, na picha za familia zilizopigwa studio, ambazo haya ya zamani haikuzizuia tena, zikachukua nafasi kati ya dirisha na dirisha.

Vioo vya kifahari vyenyewe vilitawanyika. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, iliangamiza kasri la Beit al-Hukm na kuliharibu vibaya lile la Beit al-Sahil pamoja na vilivyomo, na jumba la Marhubi liliungua mwaka 1899. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilibadilisha wakazi, na samani zilizobaki ziliuzwa, zikahama na wenyewe au zikachakaa mahali zilipokuwa. Sehemu iliyohifadhiwa iliwekwa katika Jumba la Makumbusho la Kasri, lililofunguliwa mwaka 1994, ambalo lilitenga chumba maalumu kwa ajili ya Salme. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata, thamani ya vitu vya kale ilipanda, na vioo vilivyokuwa vimesahauliwa maghalani vikaanza kutafutwa na wenye hoteli.

Hapo ndipo palipoingia kosa ambalo warejeshaji wa nyumba za kale hawana budi kulirekebisha. Hoteli nyingi zinazojitangaza kuwa na vyumba vya Kiswahili hutundika kioo cha zamani kimoja, kwa kimo cha macho, juu ya beseni la kunawia au mbele ya kitanda, na kukiacha kishubaka kitupu kwa kuwa utupu unapendeza katika picha. Chumba cha namna hiyo kinaweza kuwa kizuri, ila ni kizuri kwa kanuni za mahali pengine. Anayetaka kukirejesha chumba cha karne ya 19 ana kazi ya kuondoa tabaka za chokaa kwa uangalifu mpaka atakapoyafikia matundu ya kabari na vigingi, kuzitia zidaka vyombo, kutundika vioo kwa jozi na kwa mwinamo, na kupunguza taa za umeme mpaka vioo viwe na kazi ya kufanya. Kioo chenye madoa kisipakwe fedha upya, kwa sababu tabaka la zebaki likishafutwa kinachobaki ni fremu ya kale yenye kioo cha leo. Fremu inaweza kutengenezwa upya bila hasara kubwa, kwani wachongaji wa Lamu na Unguja bado wanazijua nakshi za milango ya zamani, na baadhi yao huunda fremu kwa mbao za majahazi yaliyovunjwa, zenye matundu ya misumari na mabaki ya rangi, ambazo wanunuzi huzipenda kuliko mninga mpya.